Bosi Ananishika, Wenzangu Wanasema Nina Bahati

Admin, nifiche jina, na hoteli pia usiitaje, maana Watamu ni ndogo.

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka ishirini na tatu, kwetu ni Ganze. Nahudumu mezani kwenye hoteli moja ya ufuoni. Kazi nilitafutiwa na baba mdogo, mtunza bustani wa hapo tangu mimi sijaanza shule. Nyumbani wanatutegemea sisi wawili.

Msimamizi wetu ni mama mtu mzima, tunamwita Madam. Alianza kwa kunirekebisha kola. Baadaye ikawa mkono kiunoni, kisha chini ya kiuno, nami nimebeba trei ya glasi siwezi hata kujitetea. Nikamwambia, "Madam, naomba tuheshimiane." Akacheka. Tangu hapo akawa ananipangia kazi ya kukunja vitambaa stoo, mimi na yeye tu.

Nilienda kwa afisa wa wafanyakazi. Akaniambia, "Wewe kijana, wenzako wanaomba bahati hiyo." Sasa jikoni naitwa Bwana Harusi. Na aliyehamishwa ni mimi, nikapelekwa dobi, kufua mashuka. Madam yuko palepale, na huko dobi pia anakuja.

Nikafika ofisi ya leba, ya serikali ya mambo ya kazi, Malindi. Mama afisa niliyemkuta huko hakucheka. Alisema mwajiri akishapata malalamiko kama haya ana wajibu wa kuchunguza na kunilinda, na asipofanya hivyo atajibu yeye kisheria. Kisha akaniuliza, "Nani aliona?"

Baba mdogo aliona. Alikuwa akipunguza maua nje ya dirisha la stoo siku Madam aliponishika humo. Nilipomwomba aje aseme, aliweka chini mkasi wake wa maua.

"Mwanangu," akasema, "ungekuwa msichana ningesimama hata leo, kazi waichukue. Lakini niseme mbele za watu kuwa mtoto wa ndugu yangu, mwanamume mzima, alishikwashikwa na mwanamke akatoka analia? Baba yako atauweka wapi uso wake?"

Sikumkasirikia. Nimechoka tu. Nimechoka kuvaa fulana mbili ndani ya sare na joto hili, nikidhani zitanikinga.

Nishaurini jamani. Nimtaje baba mdogo kama shahidi hata kama hataki, au niache kazi nirudi Ganze kimya? Na wale mnaotaka kuandika hapo chini kwamba nina bahati, msijisumbue, hiyo nimeshaambiwa.