Neno la Kumi na Moja

Niliwahi kumlea mtoto wa Kichina hapa Johannesburg, mwendo mfupi tu kutoka Troyeville ninakokaa. Alikuwa na miaka mitatu, amezaliwa kiziwi, na madaktari walikuwa wamempandikizia kifaa ndani ya sikio. Sehemu ya nje ilishikwa kichwani kwa sumaku, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kubadilisha betri na kuirudisha mahali pake. Bila hiyo ungeweza kuangusha sufuria nyuma yake asigeuke.

Mwalimu wake wa kuongea alitupa daftari tuandike kila neno jipya atakalosema. Alituonya jambo moja: neno la mtoto huyu lisipojibiwa, hufa. Basi nikajibu. Nilimjibu kwa Kiswahili changu cha Uvira, ambacho wanangu wa kuwazaa hukielewa kisha wakanijibu kwa Kiingereza. Methali yangu ya kuwakemea, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, niliiacha nje ya geti la nyumba ile.

Miezi ikapita, daftari likiwa na maneno kumi tu. Mama na baba yalikuwemo, na hayo tuliyafurahia sote, maana Wachina wanayasema kama sisi. Kisha siku moja, nikimpiga mswaki, akanitazama usoni akasema, "Yaya."

Nilimkumbatia na povu lake mdomoni. Kwetu Kongo, yaya ni dada mkubwa. Jirani yangu Mkenya anasema ni mlezi wa mtoto. Vyovyote iwavyo, nilikuwa nimeitwa. Niliandika kwenye daftari: 11. Yaya. Jioni nilimtangazia jirani huyo kama mtu aliyepata mjukuu.

Mama yake alisoma, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza alinieleza kwamba kwao yaya, sauti ikipanda, ni meno, kama wanavyowaambia watoto wadogo. Alilitamka mara tatu. Mimi mwenye masikio mawili mazima sikusikia tofauti yoyote. Akasema kile kifaa hakimpi mtoto vizuri sauti za kupanda na kushuka, na Kichina bila hizo ni uji mtupu.

"Sista, tafadhali, usiongee naye tena," alisema. "Maneno yako yanampoteza."

Sikumchukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na daftari alikuwa amelibana kifuani. Lakini niliumia, na aibu ilinishika kwa kujipa cheo ambacho mtoto hakunipa. Jirani yangu alinisikiliza hadi mwisho.

"Eish, mama," alisema, "mtoto ni wao."

Kwa hiyo nikanyamaza. Nilifua, nilipika, nilibadilisha betri na kuweka sumaku ili mtoto asikie, kisha nikafunga mdomo wangu. Mwanzoni alinifuata chumba hadi chumba, akinitazama midomo. Baadaye akaanza kukaa peke yake sakafuni.

Alhamisi moja nilikuwa naloweka nguo akaja akavuta kitenge changu.

"Yaya."

Nilitazama kinywa chake, nikidhani jino linamuuma. Alikuwa amekifunga. Kidole chake kilikuwa kifuani pangu. Akarudia, na safari hii hata mimi nilisikia: sauti haikupanda. Ilikaa chini, kama tunavyosema sisi.

Mama yake alikuwa jikoni, mlango wazi. Kazi nilikuwa naihitaji. Niliinamisha kichwa nikaendelea kukamua shati. Akasema mara ya tatu, kwa sauti ndogo, akangoja, kisha akaenda zake.

Nilikaa pale miezi minne zaidi nikilisubiri. Hakulisema tena.