Mpigaji wa Tisini na Tisa

Karani wa saiba, duka la kompyuta pale Kondele, hajawahi kushika gongo la besiboli, lakini mchezo wake wa kompyuta anaucheza kazini kana kwamba ndio alioajiriwa kuucheza. Caren, aliyekuja kuchapishiwa programu ya mazishi ya nyanya yake, alikuwa amesimama saa nzima akitazama kidole cha karani chenye ukucha mrefu kikilambwa, kikifunua daftari lenye alama za kila mpigaji.

"Huyu ana tisini na tano," karani akatangaza, mdomo umejaa mandazi. "Huyu hakosi."

Mpigaji akapiga hewa mara tatu, akatolewa. Karani hakuona haya. Alimwongezea alama zikafika tisini na tisa, akamrudisha uwanjani. Akapiga hewa tena.

"Hii kompyuta ina roho mbaya," akanung'unika, akamsukumia Caren karatasi zake bila kumtazama.

Caren akasoma. Nyanya, aliyefariki akiwa na miaka sabini na mmoja, ameandikwa tisini na tisa.

"Nani alikuambia uandike hivi?"

"Nimemwongezea tu, madam. Si watu watamheshimu?"

"Na ulipomwongezea," Caren akauliza, "alifufuka?"