Siku jina langu lilipotokea kwenye kioo cha sinema, na doti ya khanga ya wifi yangu

Wakuu, habari za Jumapili.

Naona vijana mnarushiana picha za maghorofa mapya ya Kariakoo, nikasema na mimi bibi yenu nitoe ya kwangu. Sikuhadithiwa na mtu, nilikuwepo, na aibu ni yangu mwenyewe. Sitapamba.

Ni miaka ile ya Ujamaa, bidhaa zilipoadimika. Mtaa wetu ulikuwa na maduka mengi na vitu hakuna. Duka la viatu lilikuwa na jozi moja kwenye kioo, mwaka mzima ile ile, ukiuliza bei unaambiwa hiyo ni ya kuonyesha. Fundi cherehani wa barazani alikuwa anageuza kola za mashati ya zamani. Mwisho wa mtaa, sinema.

Hiyo sinema ndiyo iliyonimaliza.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, nakaa kwa wakwe. Wifi yangu Mwajuma alikuwa na mimba ya kwanza, siku zimeshatimia. Hospitali walitaka mzazi aje na khanga zake mwenyewe, na Mwajuma alikuwa na moja, imechakaa mpaka unaona upande wa pili.

Basi siku hiyo ikasikika khanga zinakuja duka la kaya, lile la mgao, kwa Mzee Awadhi. Mama mkwe akanipa kadi ya mgao ya nyumba. "Rehema, usirudi bila doti. Mwenzio hana cha kumpokelea mtoto."

Kwa wasiojua: tulikuwa tunapanga foleni kwa mawe. Unaweka jiwe lako alfajiri, unaenda zako. Mzigo ukifika, Mzee Awadhi anakusanya kadi kwa mpangilio wa mawe, halafu anaita majina. Ukiitwa mara mbili hupo, zamu yako imepita.

Jiwe langu lilikuwepo tangu alfajiri, na saa saba mchana lori halijaonekana. Mke wa Mzee Awadhi, Bi Salma, alikuwa mlangoni, nikamwachia kadi na kumweleza shida ya wifi yangu. Nikamwambia naenda hapo sinema, wakileta nitasikia. Kweli nilisema hivyo. Nitasikia vipi nimo ndani ya ukumbi? Ujinga mtupu.

Picha ilikuwa ya Kihindi, saa nane. Nyumbani nisingeruhusiwa, mke wa mtu peke yake sinema! Kwa hiyo nimejifunika, nimekaa nyuma kabisa, moyo uko juu juu. Kila mlango ukifunguliwa nageuka. Hata wimbo sikuufaidi.

Sasa zamani mtu akitafutwa, wale wa mashine wanaandika jina lake kwenye kipande cha kioo, wanalimulika pembeni ya picha. Ukumbi mzima unasoma.

Nikaona: BI REHEMA ANAITWA NJE.

Wakuu, nilikufa ganzi. Akili ikaniambia mume wangu amejua, yuko mlangoni na mama yake. Sikuwaza khanga hata kidogo, nakiri. Watu wanacheka, wanatafuta Rehema ni nani, na mimi natafuta pamoja nao.

Nikakaa. Nahesabu namna ya kujitetea. Jina likaja mara ya pili. Bado nikakaa. Lilipoondoka ndipo nikajikokota kutoka.

Nje hakuna mume. Yupo Bi Salma, amesimama juani.

"Mwanangu, mbona hukutoka? Nimekuitisha mara mbili. Mzee alikuwekea doti yako chini ya kaunta. Watu wakaiona, wakaja juu kwamba anaficha mali. Imebidi amuuzie mwingine."

Wazee wenzangu mnajua uzito wa neno hilo, kuficha mali, enzi zile. Mtu alikuwa anafungwa.

Nilirudi nyumbani nalia. Mama mkwe ananiuliza, na mimi mdomo ukanitangulia: "Ziliisha mama. Mzee Awadhi alificha nyingine chini ya kaunta, watu wameziona kwa macho."

Nilitaka tu nisiulizwe nilikuwa wapi.

Mama mkwe akampelekea habari balozi wa nyumba kumi. Duka likapekuliwa, hawakukuta kitu, ila mtaa ulikuwa umeshaamua. Salamu zikakatika. Watoto wao wakaanza kuitwa walanguzi. Haikupita miezi mingi wakahama, na nilisimama dirishani naangalia magodoro yao yanapakiwa.

Mwajuma alijifungua salama, mtoto wa kike. Walimfunga kwenye shuka la mama mkwe, wakalikata vipande viwili.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Bi Salma Upanga, kwenye benchi la kusubiri daktari. Nikamwamkia, akanitambua kwa sauti. Nikajua leo nasemwa mbele za watu.

Akanishika mkono. "Rehema, siku zote nilitaka kukuuliza. Yule mtoto alipata khanga?"

Nikamwambia alipata.

Nilichojifunza: hofu ya kuaibika ilinifanya niwaaibishe watu walionifaa, na hata nilipopewa nafasi ya kusema nikaogopa tena. Bi Salma ameshafariki. Mwajuma yupo, na mpaka leo akisimulia uzazi wake humlaani Mzee Awadhi mbele ya wajukuu.

Nimwambie ukweli, au nimwache na uzee wake? Semeni tu, hata matusi nitasoma.