Mwamba Uliokuwa Chini ya Choo Chetu

Kijiweni mume wangu anaitwa Mwamba. Akitokea tu na bodaboda yake utawasikia: "Oya, mwamba huyo! Hatikisiki!" Na mimi nilikuwa najivunia kidogo, sitaki uongo. Hiyo ilikuwa kabla hajaanza kuchimba shimo la choo.

Nyumba yetu ya mtaa wa Chuno tuliihamia haina choo. Mtoto ana miaka miwili, ndiyo kwanza namwachisha nepi, na choo tunachoazima ni cha wifi yangu, nyumba ya pili. Wifi kakipiga kufuli, ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga. Kila safari lazima usimame mbele yake useme shida yako.

"Leo mara ya nne, wifi," ananiambia, baraza limejaa watu. "Jana ulikula nini?"

Nikampa mume wangu sururu. Siku mbili alichimba vizuri, mpaka uji nikampelekea shimoni. Siku ya tatu, shimo limemfika kiunoni, sururu ikalia ngaa! Akatoka, akajifuta jasho, akawasha pikipiki.

"Unakwenda wapi?"

"Mke wangu, kule chini kuna mwamba."

Miezi miwili shimo likakaa hivyo. Kuku wa jirani katumbukia mara mbili. Wenzake wa kijiweni walikuja kulitazama, wakasimama ukingoni mikono kiunoni. "Aisee, mwamba kweli huo." Wakaondoka.

Halafu Jumamosi moja wifi akaenda harusini mtaa wa Ufukoni na ufunguo wake. Mtoto akanimalizia yote mgongoni, nguo niliyoivaa ndiyo kwanza imetoka kwenye kamba. Nikasema basi.

Kidato cha pili tulisoma kwamba mwamba ukipata joto unatanuka, ukipoa ghafla unapasuka. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapewa tiki, tangu hapo hakuna aliyeniuliza tena. Kesho yake nikajaza kuni za mkorosho shimoni, nikatia moto asubuhi mpaka adhuhuri. Moshi wote ulikwenda barazani kwa wifi. Huo ni upepo, si mimi. Nikamwaga ndoo tatu za maji moja baada ya nyingine, nikaruka nyuma. Mwamba ulilia kama chungu kinavyopasuka jikoni.

Mume wangu kurudi akakuta nyufa.

"Nani kapasua?"

"Jiografia. Shika mtaimbo."

Akashika. Tulichoma mara tatu, na vipande alivitoa yeye, hapo nimpe haki yake. Kumbe mwamba wenyewe unene wake hauzidi wa mkono wangu. Chini yake mchanga mtupu, laini. Nikamwangalia mume wangu. Kuna mambo hata mimi huwa nanyamaza.

Siku tuliyoezeka choo niliingia na mtoto, nikafunga komeo kwa ndani, nikakaa. Hata haja sikuwa nayo. Sauti ya wifi ikapita nje.

"Wifi! Mbona umekaa sana humo?"

"Hii mara ya kwanza," nikamjibu. "Anza kuhesabu."