Chombo cha maua kilichomnyima usingizi Bi Macho

Saa mbili asubuhi, Bi Macho amefumba macho. Ameketi kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitu vya zamani, amepakata chombo cha maua cha kioo, na kidole gumba chake kinazunguka taratibu chini ya kitako.

"Jina hilo ni utani wa wenye duka," anasema. "Miaka thelathini na saba natazama kwa vidole."

Kazi yake ni kutambua nani alitengeneza vioo vya zamani. Hiki cha wiki hii kina rangi zisizotulia: ukisogea hatua moja ni kijani, hatua nyingine zambarau, kisha dhahabu. Mafundi hukipulizia kioo dawa ya madini kingali cha moto, ndipo kinapopata mng'ao huo. Mwandishi wa makala haya si mtu wa kuamini mauzauza, lakini alihama kiti mara mbili. Kila alipokaa, chombo kilionekana kumgeukia.

Mwenye chombo, mwanamke aliyekinunua mnadani, anataka cheti chenye jina la fundi. Atakuja Ijumaa. Bi Macho jina analo tangu Jumatatu, ila hajaliandika, na usingizi umempaa.

"Hebu weka kidole hapa," anasema.

Katikati ya kitako, pale kioo kilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya chuma inayokishikilia kikiundwa, fundi amesugua kovu likawa laini. Amebakiza kidoa kimoja tu chenye kukwaruza, kadiri ya punje ya dengu.

"Baba yangu alikuwa fundi wa kioo. Kila alichosugua alikiachia kidoa hicho. Alisema kioo nacho kinataka mahali pa kupumulia. Nyumbani tulikuwa na glasi zake sita, kwa hiyo kidoa hiki nimekua nacho."

Basi tatizo liko wapi? Tanuri la kiwanda cha baba yake lililipuka Bi Macho akiwa na miaka tisa. Baba hakupatikana, hata mfupa. Familia ilizika shati lake.

Bi Macho anakigeuzia chombo dirishani. Pembeni mwa kovu kuna muhuri mdogo wa kiwanda kingine, cha mbali. Kitabu chake cha mihuri kinaonyesha kwamba ulianza kutumika miaka kumi na moja baada ya mlipuko.

"Nimekagua mara nne. Niliogopa, sikufichi. Nikakifunika kwa taulo, bado nikahisi kuna mtu chumbani."

Je, haiwezekani fundi mwingine alimwiga?

"Baba alitumia mkono wa kushoto, na mikwaruzo ya jiwe la kusugulia inazungukia kushoto. Kidoa unaweza kukiiga. Mkono wa mtu huuwezi."

Jana alikipeleka kwa mama yake, mwenye miaka tisini na moja, ambaye haoni tena. Hakumwambia kitu, alimpakatisha tu. Mama akakipapasa kuanzia shingoni kwenda chini. Kidole kilipofika kwenye kidoa, kikasimama.

"Mama, tulizika nini?" Bi Macho akauliza.

"Shati lenye kola iliyochanika," mama akajibu. "Lile zuri nililitafuta kabatini asubuhi ile, kabla hata hatujasikia mlipuko. Halikuwepo."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Ulikuwa unamlilia vizuri, mwanangu. Ningekupa nini badala yake?"

Bi Macho anasema hasira bado haijafika, ila anajua iko njiani. Ijumaa ataandika jina la baba yake kwenye cheti, na mwaka wa muhuri. Kisha atamuuliza mwenye chombo mnada ulifanyika mji gani.

"Nitakwenda. Kama kuna kaburi, nilione," anasema, na kidole kinarudi chini ya kitako. "Na kama aliacha watoto huko, nitawaomba glasi za nyumbani kwao. Nizishike tu."