Siku niliyomwamkia Mzee Salum langoni

Mnisamehe kwa mwandiko na herufi nitakazoruka, shule niliishia darasa la saba na naandika polepole, tena jambo lenyewe ni la aibu, nimelinyamazia tangu mwaka 2014.

Nilikuwa nagawa viatu vya kutelezea kwenye uwanja wa barafu ndani ya jengo la maduka hapa Doha, na kila asubuhi kabla ya wateja nilijifunza kuteleza, basi Otieno, Mkenya, mlinzi wa jengo hilo, nahodha wa timu yetu ya hoki ya daraja la chini, kipa wake alipoenda likizo akaniita mimi. "Leo tukishinda, hiyo goli ni yako msimu wote." Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka lile goli.

Dakika za mwisho, tuko sare moja kwa moja, kioo cha uzio nyuma yangu kinagongwa. Mzee Salum! (Dereva huko Al Wakrah, mji wa jirani na Doha, na jirani yetu kwetu Tanga, ndiye aliyenipokea nilipofika.)

"We Hamadi! Umekuwa mkubwa, wazee huwaoni?"

Kile kisahani cheusi tunachogombania kilikuwa kule mbali, nikasema ni salamu moja tu, nikageuka, na kwa kuwa kumwamkia mzee umefunika uso si adabu, nikainua kofia ngumu mpaka kwenye paji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu! Za kazi? Mama je, miguu imepoa?"

Sasa ningemkatiza vipi? Nikajibu miguu imepoa, nikaulizwa bibi, nikajibu bibi, nasikia "Kipa! Kipaaa!", nikageuka kwa pupa, nikakanyaga gongo langu, nikalala kifudifudi, kisahani kikapita juu ya mgongo wangu kikaingia wavuni. Uwanja mzima kicheko.

Otieno akaja juu yangu: "Hamadi, wewe ni kipa ama uko mapokezi?"

Na Mzee bado kiooni: "Pole mwanangu! Na mdogo wako, ameshaoa?"

Tukafungwa mbili kwa moja, sikuwekwa langoni tena, na kinachonichosha ni Mzee Salum, kila Ijumaa ananisifu mbele za watu kwamba nimelelewa vizuri, nami nasema asante mzee huku nimeuma meno. Nimeapa, nikipewa lango tena, hata aje babu yangu mzaa baba, shikamoo ataipata kipenga kikishalia.

Nyie mngefanyaje? Niandikieni, hata mistari miwili, maana Otieno anasema hakuna mwingine duniani angegeuka.