Gaidi Mwenye Betri

Kila ninapoingia dukani kwa shangazi pale Bunda, kabla hata sijasalimia, hunijia harufu ya kile kitabu: karatasi kuukuu na uzi wa nyavu, na kwa mbali dagaa. Kinakaa rafu ya juu, nyuma ya maboksi ya betri. Mteja akitaka kukinunua, shangazi humwambia hakiuzwi. Akitaka kukiazima, huulizwa kwanza kama ana muda wa kukimaliza.

Mimi nilikifahamu kikiwa vipande. Ilikuwa miaka ya uhaba na foleni, ambayo mliokuwapo hamhitaji kukumbushwa, na mliozaliwa baadaye hamtaniamini. Tulikuwa tukiishi Kitaji, Musoma. Mtu mmoja alikileta kutoka Dar es Salaam, riwaya nene ya mapenzi, mitambo na magaidi. Kitabu kilikuwa kimoja na wanawake wa mtaa wetu walikuwa wengi, basi shangazi Nyangeta, mdogo wake baba, akakifanya kama mche wa sabuni: akachukua wembe, akakikata sehemu nne. Kila nyumba ikabeba sehemu yake. Ukimaliza, unabadilishana na jirani. Hakuna aliyekuwa na subira ya kungoja mwanzo.

Sisi tuliangukiwa na sehemu ya tatu. Humo nilimkuta Damiani, fundi mitambo, amejificha nyumbani kwa Zuhura, msichana wa kuunganisha simu. Damiani alitengeneza redio ya marehemu baba yake Zuhura. Zuhura alipougua malaria, Damiani alimkorogea uji, akaupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe. Tena alikuwa na kimtambo kinachoenea kiganjani, ambacho kupitia setilaiti kilimwezesha kuzungumza na mtu aliye ng'ambo ya dunia. Nyumbani kwetu redio ilikuwa bubu, na betri zake tulizianika juani juu ya jiwe kama mihogo. Mtaelewa kwa nini nilimpenda Damiani.

Mama Ester, jirani yetu, alikuwa na sehemu ya kwanza. Siku moja bombani alinisikia nikimsifu Damiani, akatua ndoo yake.

"Huyo? Huyo ndiye aliyeacha begi lenye bomu uwanja wa ndege. Anyongwe."

Nilimwambia ni mwongo, akanifinya. Mtu anayepoza uji wa mgonjwa ataachaje bomu? Katika kurasa zangu hakukuwa na begi, na katika zake hakukuwa na uji. Kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi mkononi.

Siku hizohizo Mafuru, fundi redio mwenye meza yake karibu na soko, alikuwa ametuma wazee kuomba kumwoa shangazi. Baba, karani wa kiwandani na mzee wa kanisa, alikuwa hajajibu. Mafuru alikuwa na tatizo moja: alikuwa na betri. Miaka ile mwenye betri alitakiwa kujieleza. Tena watu walikuwa wamemwona alfajiri pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, akipokea gunia kutoka kwenye mtumbwi. Langusi, bidhaa za magendo, walisema, na kuna waliokamatwa kwa madogo kuliko hayo. Baba alisema atatoa jibu Jumapili. Sura yake ilikuwa imeshajibu, na shangazi aliacha kuimba akipiga pasi.

Jumapili Mafuru alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Mara Mama Ester naye akaingia kushtaki utovu wangu wa adabu. Nilipotakiwa kujitetea, nilikiri kwamba hata mimi kuna jambo moja la Damiani lililonitia shaka: betri za kile kimtambo alizipata wapi?

Wote wakamtazama Mafuru. Shangazi akatazama sakafu.

Baba alikohoa. Miaka mingi alikuwa amesuluhisha ugomvi wa waumini, na alikuwa na msemo wake. "Kesi haisikilizwagi kuanzia katikati," alisema. "Leteni vipande vyote. Na wewe, kijana, utakuja kusikiliza."

Shangazi alikwenda kwa miguu hadi Buhare kuifuata sehemu ya nne, iliyokuwa kwa mwalimu mmoja. Kisha kila jioni, kabla jua halijazama, kwa sababu mafuta ya taa hayakuwapo, alitusomea barazani. Damiani kweli aliacha begi. Mama Ester alinigeukia. Damiani kweli alipoza uji. Mimi nikamgeukia Mama Ester. Na mwishoni Damiani alirudi uwanjani peke yake, na koleo mkononi, kukata nyaya alizozifunga mwenyewe. Mama Ester alilia, akajifuta kwa kanga, akatoa hukumu kwamba afungwe kwanza, ndipo amwoe Zuhura.

Baba alimgeukia Mafuru. "Sasa wewe. Betri unatoaga wapi?"

Mji mzima ulikuwa umelijibu swali hilo bila yeyote kumuuliza mwenyewe.

"Kwa wavuvi, mzee. Kule visiwani wanazitupaga zikifa."

Akamimina mfuko wake sakafuni. Alitoboa betri chakavu kwa msumari, akazidondoshea maji ya chumvi, akaziziba kwa nta ya mshumaa, akazipachika kwenye redio yetu. Ilikwaruza, ikanyamaza, kisha ikaimba kwaya. Baba aliongeza sauti, halafu akaingia ndani kutafuta sindano ya nyavu aliyokuja nayo mjini kutoka Nyegina, akakishona kitabu.

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Kati ya zile betri zilizomiminwa, mbili zilikuwa mpya kabisa, bado ndani ya karatasi yake. Nilimfuata shangazi alipokuwa akiosha vyombo, nikamnong'oneza. Hakuacha kusugua sufuria.

"Nimeziona," alisema. "Nilishamuulizaga kitambo."

"Akasemaje?"

"Akaniambia ukweli, nami nikamwambia langu. Siku ukitaka kuolewa, mwanangu, usiishie sehemu ya tatu."

Alikuwa akitabasamu, nami nikadhani ananifanyia mzaha. Baadaye, chuo kikuu, nilijifunza kuhoji kila kitu, nikajiona mjanja, kwa sababu niliamini kuhoji ni njia ya heshima ya kukataa. Siku hizi betri zimejaa kila kioski, Mafuru analalamika kwamba haziuziki, na shangazi anamcheka mumewe huku redio ikiimba. Nikiwatazama naona kwamba katika mtaa ule aliyekuwa na shaka kuliko sisi sote alikuwa shangazi. Ila yeye aliendelea kusoma.